Sikio Halina Daraja

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kuangalia ngozi za ng'ombe na kusema ni za daraja gani. Sikuwa daktari wa mifugo, ingawa watu wa kwetu Kemambo wananiita daktari mpaka leo na mimi sijawakatalia. Nilikuwa mkaguzi wa ngozi. Ngozi inaletwa, inatandazwa, unaipapasa, unaigeuza, unaiinua kwenye mwanga, halafu unasema: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, haifai. Aliyeileta anakasirika. Unaita nyingine.

Vinavyoshusha ngozi ni vichache na havibadiliki. Kupe. Miiba. Chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, pale penye ngozi nzuri kuliko pote, kana kwamba mwenye ng'ombe alikaa chini akatafuta mahali pa kuniudhi. Na juu ya vyote, kisu. Mchunaji mwenye haraka akipitisha mkono vibaya, ngozi inabaki na mkato, na sisi hatukuwa na maneno mengi. Tulisema tu, hii ina kisu. Ngozi yenye kisu katikati ilishuka mpaka la tatu hata kama sehemu nyingine zote zilikuwa safi. Daraja la kwanza nililitoa kwa nadra. Wachunaji wa Tarime walikuwa wakisema ng'ombe wa daraja la kwanza bado hajazaliwa, na siku akizaliwa nitamkagua mama yake kwanza. Walidhani sisikii.

Kwenye mikutano ya wafugaji nilikuwa na hotuba moja tu, nami niliitoa kila mahali: Kenyamonta, Mugumu, Sirari, huku kwetu. Acheni kuchoma ubavu. Mkitaka alama, kateni sikio. Mnunuzi wa ngozi haangalii sikio, sikio linatupwa, sikio halina daraja. Baada ya miaka michache watoto wa shule walikuwa wakiniona napita na pikipiki ya serikali wanapaza sauti kwamba sikio halina daraja. Nilichukulia kwamba elimu imefika.

Kwetu alama ya sikio ni ya tangu babu. Kata moja ndogo ya pembe tatu. Ng'ombe anayebaki nyumbani anakatwa sikio la kulia. Anayekwenda kufugwa kwa rafiki anakatwa la kushoto. Huku hatuweki ng'ombe wote zizi moja, maana ugonjwa ukiingia, au wezi, unaamka huna kitu. Unampelekea rafiki wa mbali mtamba wako, anamfuga, anakunywa maziwa, ndama wengine anapata, lakini mtamba ni wako. Sikio la kushoto likikatwa, maana yake huyu ana kwao, na siku moja atafuatwa.

Baba yangu aliwahi kumweka mtamba kwa rafiki yake Kenyamonta. Rafiki akafariki, na wanawe wakasema hawana habari za ng'ombe wa mtu. Baba alikwenda kwa miguu. Walivyosimulia watu waliokuwepo, aliingia zizini, akapita katikati ya ng'ombe, akamshika mmoja sikio la kushoto akaligeuza wazee waone, wala hakufungua mdomo. Alirudi naye pamoja na ndama wake wawili. Alikuwa amekaa kule miaka tisa. Mama alimuuliza ilikuwaje, baba akasema, "Nilimkuta," akaomba uji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikuona kasoro yoyote.

Nina mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Mabinti wameolewa karibu, wanakuja, wananigombeza, hawana neno kwenye habari hii. Huyu wa kiume alirefuka. Alirefuka mpaka ikawa gharama: suruali, viatu, kitanda. Sekondari wakamwona, wakamtia kwenye mpira wa kikapu, kwa sababu kulikuwa na goli moja na hakuna aliyelifikia. Alipomaliza kidato cha nne alipata daraja la pili, akaniletea karatasi ya matokeo. Niliisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu, nikamwambia, "La pili si baya. Linauzika soko la ndani."

Nilikuwa namsifu. Mke wangu anasema haikusikika hivyo.

Mpira huo huo ukampeleka Marekani kusoma, na baada ya masomo akaenda kucheza ligi ndogondogo kwenye nchi za baridi, leo hapa kesho pale, timu ambazo majina yake nilikuwa nayaandika kwenye kalenda ili nisiyasahau. Yote pamoja miaka minane. Alikuja nyumbani mara moja, siku kumi na moja, na kila siku aligonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango wetu. Nilipandisha kizingiti alipokwisha kuondoka. Hilo nalo sikumwambia.

Kadi ilikuja miaka minne iliyopita, ndani ya kiatu. Alikuwa ameniletea viatu kwa mkono wa mtu, na kwenye kiatu cha kulia kulikuwa na bahasha, na kwenye bahasha kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho cha mpiga kura. Mbele yuko yeye, ameruka, mpira mkononi, mdomo wazi. Nyuma wameandika urefu, uzito, tarehe ya kuzaliwa, na mahali: Tarime, Tanzania. Hata mnadani Mugumu hatutoi maelezo mengi hivyo. Kumbe huko kadi za wachezaji ni biashara na ni ibada. Watu wanazikusanya, wanazifungia makabatini, wanarithishana. Timu yake ilichapisha chache tu, msimu ule mmoja. Hapakuwa na barua.

Nilichukua kioo changu cha kukuzia, kile cha kazini ambacho nilistaafu nacho kwa bahati mbaya, nikaikagua. Mbele, nyuma, kingo. Sikuona kitu. Niliigeuza tena nikiwa na hakika kuna mahali, maana siku zote pana mahali, na sikuona kitu. Nilimwona mtoto wangu amevaa jezi ya watu, nyuma yake wamekaa watu nisiowajua, juu yake kuna maandishi ya lugha nisiyoijua, na uso wake hauna habari yoyote nami. Niliogopa. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Nikaingia ndani, nikachukua wembe mpya, nikaikata kona ya juu, upande wa sikio lake la kushoto. Kata moja ndogo ya pembe tatu. Mkono wangu bado ulikuwa imara. Ilikuwa kata safi sana.

Halafu nikaiweka kwenye kabati la vioo pamoja na vyeti vyangu, nikakaa nikanywa chai nikiwa na amani kabisa.

Mke wangu aliiona siku ile ile. Akafungua kabati, akaitazama, akairudisha.

"Umemkata mtoto sikio," akasema.

Nilimjibu kwamba ni karatasi tu. Akasema kama ingekuwa karatasi tu ningeiacha. Hakuizungumzia tena kwa miaka minne, na kwa mwanamke yule hiyo ni adhabu nzito kuliko maneno.

Mwaka huu, asubuhi moja tunapukuchua mahindi, mtoto akapiga simu. Goti limekwisha. Walilipasua mara ya kwanza, wakalipasua mara ya pili, na daktari amemwambia atembee nalo tu. Timu ile ya kadi imevunjwa, hata ukumbi umegeuzwa ghala. Nikamwambia arudi nyumbani. Nilisema hivyo, kweli, ingawa nadhani nilisema, "Sasa huko unafanya nini?" Akasema hawezi kurudi mikono mitupu. Siyo pesa, akasema, pesa kidogo anayo. Ila amekaa kwa watu miaka minane na hana cha kuonyesha zaidi ya goti. Kadi zake mwenyewe aliwagawia watoto waliokuwa wakimngoja mlangoni baada ya mechi, na mbili za mwisho zililowa mabomba ya nyumba aliyopanga yalipopasuka. Imebaki yangu.

Akanieleza mpango wake. Kuna kampuni zinazopima kadi. Unawatumia, wanaikagua, wanaipa namba kutoka moja mpaka kumi, wanaifungia kwenye boksi la plastiki gumu lisilofunguka, juu wameandika jina na namba. Akipata hiyo, yenye jina lake na kumi yake, atakuwa na ushahidi kwamba alicheza na alikuwa mzuri. Ataibeba, atakuja nayo.

"Tata, umeitunza?" akauliza. Ananiita Tata, kama sisi tulivyowaita baba zetu.

"Ipo."

"Haina mkwaruzo?"

"Haina mkwaruzo hata mmoja," nikasema, na ilikuwa kweli tupu. Hakuuliza kuhusu kona.

Akacheka kwa furaha, akasema alijua, kama kuna mtu duniani wa kutunza kitu kisipate doa ni mimi. Simu ilipokatika mke wangu alikuwa ananitazama juu ya beseni la mahindi. Nilipukuchua gunzi lile mpaka likaisha na nikaendelea kulipukuchua.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Tarime mjini, kwenye steshenari ya dada mmoja ambaye babu yake alitoka Tanga na cherehani begani, na wao hawakuondoka tena. Ni mtu wa dini na wa heshima. Akaniamkia shikamoo mzee wangu, akaniuliza anisaidie nini. Nikamwambia nataka kanuni za kampuni tatu zinazopima kadi za michezo, zote, kwa karatasi. Aliwahi kunichapia barua za pensheni, kwa hiyo hakuna kitu kutoka kwangu kinachomshangaza. Akatafuta kwenye mtandao, mashine ikalia, akanipa rundo. Akaniuliza kama nataka kadi yenyewe aifanyie laminesheni. Nikaifunika kwa mkono kama mtu anayefunika chakula.

Nikakaa kwenye benchi lake na kalamu nyekundu. Kiingereza changu ni cha ngozi, nilikisomea miaka miwili kwenye chuo, na nashukuru, maana kumbe ni kile kile. Kingo, uso, mikwaruzo, madoa, mikunjo. Nilijisikia nyumbani. Saa mbili nzima nilisahau shida iliyonileta.

Kampuni ya kwanza inatoa namba moja tu. Kumi ni kona nne kali, kingo safi, uso unaong'aa, picha katikati. Lakini ukisoma vizuri, picha ikisogea upande kidogo bado wanakupa kumi. Hapo nikawaona walegevu. Kitu ambacho hakiko katikati hakiko katikati. Kampuni ya pili inatoa namba nne, moja ya kona, moja ya kingo, moja ya uso, moja ya picha kukaa sawa, halafu namba ya jumla. Na namba ya jumla hawaipati kwa kugawanya; ile iliyo chini inavuta nyingine. Hiyo ndiyo haki, nikaandika pembeni. Ngozi nzuri yenye tundu ni ngozi yenye tundu. Ila wanatoa nusu pia, tisa na nusu, na nusu hiyo ni ya nini hawasemi. Kampuni ya tatu inapendwa na wenye kadi za zamani. Ukurasa wao ni mfupi, hawajisifu, hawana picha za watu wanacheka. Nilimpenda aliyeandika.

Jambo moja liliniuma kwa wivu. Kampuni zote tatu zinakagua mwenye mali akiwa hayupo. Hawamwoni usoni. Mimi miaka yote ile nimekagua mwenye ngozi amesimama hapa na fimbo yake, na ningefanya kazi kama wao ningekuwa bado nina meno yote.

Basi nikafika kwenye kona. Nilikuwa nimeziruka makusudi, kama mtu anayeacha nyama ngumu mwisho wa sahani. Zote tatu, kitu cha kwanza wanachoangalia ni kona. Siyo mgongo, siyo ubavu. Kona. Wana kioo cha kona, wana taa ya kona. Kona ikichoka kidogo tu, kumi inakuwa tisa, ikikunjika, tano, ikitafunwa na panya, moja. Na ikikatwa na mtu kwa mkono wake, kwa kusudi, haipati namba kabisa. Nikasoma tena. Panya angeitafuna, mtoto wangu angepata moja. Nimeikata mimi baba yake, hapati kitu.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaelewa kwamba kuna nchi ambako sikio ndilo ngozi yenyewe. Na ile kata niliyoiweka ili aje afuatwe ndiyo inayomzuia kurudi. Nililisema hilo moyoni polepole, nikaona halina pa kutokea. Yule dada akaniletea maji ya kunywa bila kuulizwa.

Tofauti ilibaki kwenye namna ya kukataa. Kwa jinsi nilivyozielewa karatasi, kampuni ya kwanza itairudisha kama ilivyokwenda, bila boksi. Ya pili itaifungia kwenye boksi na kuandika kwamba ni halisi lakini imebadilishwa. Ya tatu itaifungia na kuandika neno moja, halisi, basi. Nikapigia mstari.

Lakini sikukubali hapo hapo. Mimi ni mtu wa serikali, najua kila kanuni ina mlango wa nyuma na mlango huo unafunguliwa kwa barua. Nikamwandikisha dada barua kwa kampuni ya pili, maana ndiyo iliyoonekana kuwa na haki. Kichwa cha habari: alama ya umiliki. Nikaeleza kwamba mimi ni mkaguzi mwenzao, mstaafu, na kwamba kata iliyopo kwenye kona siyo uharibifu bali ni alama halali ya mji wetu, imewekwa na mtu mwenye mamlaka, kwa wembe safi, na isichukuliwe kuwa kasoro. Nikaomba waikague kadi kana kwamba kona hiyo ipo. Dada akauliza kama aweke muhuri. Nikamwambia mtandaoni hakuna muhuri, akasema anaweza kuuchora.

Majibu yalikuja baada ya siku nne, mistari miwili. Wanashukuru kwa kuwaandikia. Kadi iliyokatwa ni kadi iliyokatwa, na nia ya aliyeikata haiangaliwi. Niliyatambua maneno yale. Ndiyo niliyokuwa nikiwajibu wachunaji waliokuja kujieleza kwamba kisu kiliteleza, kwamba ng'ombe aliruka, kwamba mchunaji mwenyewe alikuwa na homa. Nia haiangaliwi, lete nyingine. Na nilikuwa najiona nina akili sana.

Dada wa steshenari alinionea huruma, na huruma yake karibu iniponze. Akatoa kwenye droo kifaa chake cha kukatia kona za vitambulisho ziwe za mviringo. Akasema, mzee wangu, tuzikate zote nne zifanane, itapendeza, hakuna atakayejua kwamba moja ilikuwa na kata. Alisema kwa nia njema kabisa. Nami nimeshika watu katika maisha yangu. Nimeshika ngozi zilizozibwa matundu kwa unga na gundi, nimeshika zilizotiwa mchanga ziwe nzito, nimewaandikia watu ripoti wakalia mbele yangu. Nikakichukua kile kifaa nikakipima mkononi. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria siku mbili, na siku zote mbili nilikuwa nakwenda chooni na ile kadi mfukoni kama mwizi.

Siku ya pili jioni mke wangu akaweka ugali mezani, akakaa, hakunawa. Akasema, "Wewe ulishindwa kusema neno ukachukua wembe. Sasa wembe umeshindwa. Sema."

Nikamwambia nitampigia Jumapili. Akasema Jumapili ni kesho, na akanawa.

Nikampigia. Kwanza nikamweleza kuhusu kampuni zote tatu, moja baada ya nyingine, namba nzima na namba za nusu, picha kusogea, taa za kona. Nilizungumza muda mrefu sana. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto akasikiliza kwa adabu, mwishowe akauliza, "Tata, umeshaituma?"

"Sijaituma. Ina kata kwenye kona."

"Imekatika?"

"Haikukatika. Niliikata mimi, siku ile ile ilipofika. Kata moja, ya kwetu. Kampuni zote tatu hazitakupa namba."

Nilisikia anavuta pumzi. Nikajua amekasirika, na nikasubiri, kwa sababu mwenye ngozi ana haki ya kukasirika.

"Upande gani?" akauliza.

"Wa sikio lako la kushoto."

Nikaitazama simu, dakika zilikuwa zinahesabu.

"Yule ng'ombe wa babu," akasema, sauti imebadilika, "wa Kenyamonta. Alikaa kule miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mimi nina minane."

Sasa pale ndipo ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kumwambia kuhusu kizingiti. Ningeweza kumweleza lile daraja la pili, kwamba nilikuwa nimeikunja ile karatasi nikaitembeza mfukoni mwezi mzima nikiwaonyesha wachunaji mpaka wakachoka nami. Nikasema, "Niambie siku. Nitakufuata Mwanza, uwanja wa ndege."

Akasema ana nauli, anaweza kufika mwenyewe mpaka nyumbani. Nikamwambia najua anaweza. Wa kushoto hajirudishi, anafuatwa. Akasema sawa, Tata. Nikakata simu nikalia. Naandika hivyo kwa sababu mke wangu atasoma, na alikuwepo.

Siku yenyewe nilipanda basi la alfajiri nikiwa na koti langu la mikutano na kadi kwenye mfuko wa ndani. Mke wangu alikuwa amebaki na mbuzi wa kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa sherehe, na majirani watatu wa kumsaidia, na alinikataza nisimwambie mtoto amekonda. Uwanjani nikasimama kwenye vyuma pamoja na madereva wenye mabango. Mimi sikuwa na bango. Watu wakatoka, wakatoka, halafu kikatokea kichwa juu ya vichwa vya wengine.

Alikuwa amevaa kaptura kwa ajili ya joto, na alikuwa anachechemea. Begi moja. Alikuwa amekonda. Akanipa shikamoo, nikaitikia, tukashikana mikono, halafu hatukuachia. Nikatoa kadi nikampa. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama ile kona, akapitisha kidole gumba pale penye kata mara mbili, akaitia mfukoni mwake wa shati. Hakuuliza tena habari za kampuni yoyote.

Halafu mimi nikafanya ninachofanya. Sikuweza kujizuia. Nikarudi hatua moja nyuma nikamwangalia toka juu mpaka chini, polepole, mwanga wa mlangoni ukiwa umempiga vizuri. Kwenye goti la kulia kulikuwa na mshono mrefu, kutoka juu ya kifuniko cha goti mpaka chini yake, na pembeni mwingine mfupi. Yeye akasimama wima bila kutikisika, kama alivyokuwa akisimama utotoni nikimkagua sare ya shule.

"Haya, Tata," akasema. Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakuwa yanatania. "Daraja gani?"

"La kwanza."

Akainamisha uso akalitazama goti lake.

"Mbona hapa kuna kisu."

"Nimekiona," nikasema, nikachukua begi.